Memori kadi badala ya diski ngumu kwenye laptopu za zamani

Ukiacha betri, diski ngumu ndiyo sehemu inayokufa mapema zaidi ndani ya laptopu. Ubao mama hauna kitu kinachozunguka, na kioo kikitunzwa vizuri hudumu miongo miwili na zaidi. Diski ngumu ni mashine kamili. Ndani yake mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, vichwa vya kusomea vinavyoelea juu ya sahani hizo kwa nafasi ndogo kuliko unene wa chembe ya vumbi, na beringi ambazo mafuta yake hukauka kadiri miaka inavyopita. Katika baadhi ya diski za miaka ya 1990, hata vipande vya mpira vilivyowekwa kuzuia vichwa visigonge pembeni hulainika na kuanza kunata, vikavinasa vichwa visitoke mahali pake. Diski ya namna hiyo huzunguka, hulia mlio mkavu wa tik, tik, kisha hunyamaza.

Mwenye laptopu iliyotengenezwa kati ya mwaka 1994 na 2005 hawezi tu kwenda dukani kununua diski nyingine. Laptopu za wakati huo zilitumia diski za inchi 2.5 zenye muunganisho wa IDE, ambao pia huitwa ATA, na viwanda viliacha kuzitengeneza baada ya muunganisho mpya wa SATA kushika soko. Zinazouzwa leo kama mpya ni akiba za maghala, na nyingine ni diski zilizotumika ambazo zimefutwa vumbi tu. Hata hivyo kompyuta zenyewe bado zina kazi. Zipo mashine za karakana na vifaa vya maabara ambavyo programu yake huendeshwa kwenye DOS tu, na huzungumza na kompyuta kupitia tundu la siriali ambalo laptopu mpya hazina. Zipo hati na michezo ambayo hufunguka ipasavyo kwenye Windows 95 au 98 pekee. Wapo pia wakusanyaji wanaopenda kibodi zilizotengenezwa kwa uangalifu ambao siku hizi ni adimu.

Dawa iliyozoeleka ni memori kadi, na kati ya kadi zote iliyofaa zaidi ni CompactFlash, ile kadi pana ya mraba iliyotumiwa na kamera kubwa za wapiga picha kabla ya SD kuenea. Wengi hudhani kuwa kuifanya kadi ya kamera iwe diski ya kompyuta ni ujanja wa mafundi. Ukweli ni kwamba kadi hii ilizaliwa ikiwa diski tayari.

Mwaka 1991 kampuni ya Marekani iliyoitwa SunDisk, ambayo mwaka 1995 ilibadili jina kuwa SanDisk, iliiuzia IBM diski isiyo na kitu kinachozunguka kwa ajili ya laptopu. Ilikuwa na ujazo wa megabaiti 20 na bei ya dola 1,000 hivi. Mwaka 1993 Hewlett-Packard walitoa OmniBook 300, kompyuta ndogo ambayo mnunuzi aliweza kuichukua ikiwa na kadi ya flashi ya megabaiti 10 mahali pa diski ngumu. Wazo lilikuwa sahihi, ila bei ilikuwa ya kutisha. Mwaka 1994 SunDisk walitoa CompactFlash, na hapo walifanya uamuzi ambao bado unawanufaisha wenye laptopu kuukuu: ndani ya kila kadi waliweka kontrola inayojua lugha ya diski za ATA.

Kadi ya CompactFlash ina matundu 50. Inapopata umeme, kontrola huangalia hali ya mguso wa tisa. Ukiwa umeunganishwa na ethi, kadi huingia katika hali iitwayo True IDE, na kuanzia hapo hujibu amri zilezile ambazo diski ngumu hujibu: jitambulishe, soma sekta fulani, andika sekta fulani. Kwa hiyo adapta ya kuipachika kwenye laptopu haina akili yoyote. Ni kibao kidogo chenye nyaya zinazotoka upande mmoja kwenda mwingine, kapasita moja au mbili, na pengine taa ndogo ya kuonyesha kuwa kadi inasomwa. Kwa sababu hiyo ni ya bei ndogo, na ikiharibika hakuna la kulilia.

SD haiko hivyo. Iliyoanzishwa mwaka 1999 na SanDisk, Matsushita na Toshiba, ina lugha yake yenyewe na haiijui ATA hata kidogo. Adapta yake lazima iwe na chipu ya kutafsiri, na ubora wa kazi nzima hutegemea chipu hiyo. Zipo adapta za SD zinazofanya kazi vizuri, na kadi zake hupatikana kila duka la simu. Lakini baadhi ya laptopu hukataa kabisa kuziona, na nyingine huziona leo na kuzikosa kesho. Penye uwezekano wa kupata CompactFlash, hakuna sababu ya kujitafutia shida hiyo.

Upachikaji wenyewe ni kazi ya dakika chache, na karibu hatari yake yote iko sehemu moja. Diski ya inchi 2.5 ina pini 44 zilizopangwa kwa safu mbili, zikiachana kwa milimita 2. Pini namba 20 huwa haipo, na kwenye plagi nyingi tundu lake huzibwa ili mtu asigeuze juu chini. Pini namba 41 na 42 hubeba umeme wa volti 5. Sasa, laptopu ambayo diski yake huingia kwenye kisanduku chenye reli haimpi fundi nafasi ya kukosea. Lakini laptopu yenye utepe mwembamba wa nyaya unaoning'inia inaweza kupachikwa ikiwa imesogea kwa pini moja kushoto au kulia, na adapta nyingi za bei rahisi hazina fremu ya plastiki ya kuzuia kosa hilo. Ikitokea hivyo, volti 5 huingia mahali pasipo pake, na kadi inaweza kuungua kimyakimya bila hata moshi. Fundi mwangalifu huhesabu pini kwa ncha ya bisibisi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kabla ya kugusa swichi. Huweka pia utepe wa kuhami chini ya adapta, kwa maana upande wa nyuma una risasi ya kulehemu iliyo wazi, na sehemu ya diski kwenye laptopu nyingi ni bati tupu.

Baadhi ya adapta zina jampa mbili. Moja huchagua kama kadi ni diski ya kwanza au ya pili kwenye waya, na kwa laptopu yenye diski moja huwekwa ya kwanza. Nyingine huchagua volti 5 au 3.3. Kadi za CompactFlash huvumilia zote mbili, ila njia za data za laptopu za zamani zinaendeshwa kwa volti 5, hivyo ni salama kuiacha hapo.

Baada ya hapo inakuja sehemu ambayo huwashinda wengi, nayo haihusu waya. Laptopu ya mwaka 1995 iliandikiwa programu yake ya BIOS na watu ambao hawakuwa na diski ya gigabaiti 32 mbele yao. BIOS ndiyo programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowashwa, na ndiyo inayouliza diski ina ukubwa gani. Zile za kale huhesabu kwa silinda, vichwa na sekta, na nafasi zilizotengewa ni silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63. Zidisha hayo yote kwa baiti 512 za kila sekta na jibu ni baiti 528,482,304, yaani megabaiti 528. Zaidi ya hapo BIOS haioni kitu, na nyingine hukwama kabisa zikikutana na diski kubwa kuliko hesabu yao. Ukuta wa pili uko kwenye gigabaiti 2.1, wa tatu kwenye 8.4, wa nne kwenye 33.8, na wa tano kwenye 137. Kila laptopu ina ukuta wake kulingana na umri, na njia rahisi ya kuujua ni kutafuta diski kubwa zaidi ambayo mtengenezaji aliiuza ndani ya modeli hiyo au ile iliyoifuata.

Juu ya BIOS upo mpaka wa mfumo wenyewe. DOS na Windows 95 ya mwanzo hutumia FAT16, ambayo partisheni yake haizidi gigabaiti 2. FAT32 ilikuja na toleo la pili la Windows 95 mwaka 1996. Kwa mtu anayetaka DOS peke yake, mipaka hii haina uzito mkubwa: MS-DOS 6.22 yote ilikuja kwenye disketi tatu, na kadi ya megabaiti 512 ni uwanja mpana kwake. Kadi ndogo za namna hiyo, ambazo mpiga picha hawezi tena kuzitumia, ndizo hasa zinazofaa laptopu yenye prosesa ya 486. Ikilazimu kutumia kubwa, programu kama Ontrack Disk Manager hujiweka mwanzoni mwa diski na kuisaidia BIOS kuona yote. Ni suluhisho linalofanya kazi, ingawa kadi hiyo ikichomekwa kwenye kompyuta nyingine husomeka kwa taabu.

Kosa linaloonekana zaidi ni hili. Mtu huichomeka kadi kwenye kompyuta mpya kwa kutumia kisoma kadi, huifomati, hunakili mafaili yote ya DOS, kisha huirudisha kwenye laptopu na kuwasha. Memori inahesabiwa, mlio wa kuwaka unasikika, halafu kwenye kona ya juu kushoto kunabaki kistari kinachopepesa juu ya weusi mtupu. Sababu huwa mojawapo kati ya tatu. Huenda sekta ya kwanza ya kadi haina msimbo wa kuwashia, maana kadi za kamera hazitarajiwi kuwasha kompyuta. Amri ya FDISK /MBR huuandika. Huenda partisheni haikuwekwa kuwa hai, na FDISK hiyohiyo hurekebisha. Au kompyuta mpya iligawa kadi kwa hesabu ya vichwa 255, huku laptopu ikihesabu kwa vichwa 16, na sekta inayotafutwa haipo pale inapodhaniwa. Ya tatu haitibiki kwa kubahatisha. Huepukwa kwa kugawa na kufomati kadi ndani ya laptopu yenyewe itakayoitumia, kwa disketi au CD ya kuwashia, na mafaili yakanakiliwa baadaye. Anayeanza hivyo tangu mwanzo hajutii.

Windows XP ina tatizo la aina nyingine. Kadi inapojitambulisha kwa kompyuta, husema pia kama ni diski ya kudumu au ni kitu cha kutolewa. Kadi nyingi za madukani husema ni za kutolewa, kwa sababu zilikusudiwa kamera. DOS na Linux hazijali. Windows XP hujali sana: kwenye kifaa cha kutolewa huonyesha partisheni ya kwanza tu, na haikubali kuweka humo faili la kubadilishana memori. Kadi za viwandani, zinazotengenezwa kwa mashine za kazi kama vifaa vya kupimia na ruta, kwa kawaida hujitambulisha kuwa za kudumu, nazo huondoa tatizo mara moja. Asiye na kadi hiyo anaweza kuweka draiva ya Hitachi iliyotengenezwa kwa ajili ya Microdrive, zile diski ngumu ndogo zenye umbo la CompactFlash ambazo IBM walizianzisha mwaka 1999. Draiva hiyo ikirekebishwa kidogo huificha hali ya kadi, na Windows ikaamini inashughulika na diski ya kawaida.

Spidi nayo hutegemea jambo ambalo halionekani kwa macho. Data inaweza kupita kwa njia ya PIO, ambapo prosesa yenyewe huibeba kidogo kidogo na haifanyi lingine, au kwa DMA, ambapo data huenda moja kwa moja kwenye memori. PIO ya juu kabisa iliyozoeleka haizidi megabaiti 16.6 kwa sekunde. Kadi za CompactFlash zilizofuata kanuni za miaka ya 2000 zinajua DMA ya kasi, lakini baadhi ya adapta za bei rahisi hazikuunganisha nyaya mbili za kuombea na kukubalia DMA. Kadi husema inaweza, Windows hujaribu, kompyuta hukwama, na baada ya makosa kadhaa mfumo hurudi kwenye PIO wenyewe. Laptopu inayowaka kwa dakika tano wakati kadi ni mpya na nzuri mara nyingi inaugua ugonjwa huu, na tiba yake ni kubadilisha adapta.

Mfano mzuri wa faida zote hizi ni IBM ThinkPad X40, iliyotoka mwaka 2004. Ni laptopu nyembamba, nyepesi, yenye kibodi bora, ila waundaji wake waliipa diski ya inchi 1.8 ya Hitachi inayozunguka mara 4,200 kwa dakika. Kwa mzunguko huo, sahani huchukua wastani wa milisekunde 7.1 kuileta sekta chini ya kichwa, na kichwa chenyewe huchukua milisekunde 15 hivi kufika kwenye mstari wake. Kila faili dogo linalofunguliwa hulipa gharama hiyo, na Windows XP hufungua mamia ya mafaili inapowaka. Kwenye flashi hakuna cha kusubiri kizunguke, na muda wa kuifikia sekta hushuka chini ya milisekunde moja. Diski hiyo hutumia plagi ileile ya pini 44, hivyo adapta ndogo ya kawaida huingia mahali pake. Laptopu iliyodharauliwa kwa ukawiaji wa diski yake hupata uhai, hunyamaza kimya, na sehemu ya kuegemeza kiganja haipati tena joto.

Kwa upande wa kuandika, mambo si mepesi hivyo, na hapa ndipo ushauri wa mitaani hupotosha. Flashi ya NAND, ambayo Fujio Masuoka wa Toshiba aliitambulisha mwaka 1987, haiwezi kuandika juu ya kilichoandikwa. Lazima kwanza ifute kipande kizima, mara nyingi kilobaiti 128 au zaidi, hata kama kinachobadilika ni kilobaiti 4. Kontrola ya SSD ya kisasa ina akili na nafasi ya kuficha kazi hiyo. Ya CompactFlash ilitengenezwa kupokea picha moja kubwa baada ya nyingine, na ikipewa vipande vidogo vingi huelemewa. Mtumiaji wa Windows XP huiona hali hiyo pale mshale wa mausi unapoganda sekunde mbili tatu, taa ya diski ikiwa haizimiki, kisha kila kitu kikaendelea.

Kila seli ya flashi pia ina idadi ya mara inazoweza kufutwa. Aina ya SLC, inayoweka biti moja kwa seli, huhimili mara 100,000 hivi. MLC yenye biti mbili huhimili maelfu machache hadi 10,000. Kontrola husambaza uandishi ili seli zichakae kwa usawa, japo kwa ustadi tofauti kutoka kampuni hadi kampuni. Kwa DOS hofu hii haina msingi, kwa kuwa DOS haiandiki chochote mpaka iambiwe, na kadi itadumu kuliko laptopu. Kwa Windows XP na Linux inafaa kuupunguza uandishi. Memori ya kompyuta hujazwa hadi mwisho ili faili la kubadilishana lizimwe. Kwenye Linux huwekwa noatime, ili kusoma faili kusisababishe kuandika tarehe ya kulisoma. Kwa XP lipo chujio liitwalo EWF, lililotoka kwenye toleo la Windows la mashine za kazi, ambalo hushikilia mabadiliko yote kwenye memori na kuyaacha yapotee kompyuta inapozimwa. Linafaa sana kwa mashine ya kazi moja isiyobadilika, lakini kwa mtu anayeandika hati zake humo ni balaa.

Katika kuchagua kadi, jina la kampuni lina maana kuliko namba ya spidi iliyochapishwa juu yake. Soko la kadi lina bandia nyingi, zinazotangaza gigabaiti 64 huku ndani mna 8, na data inayozidi hapo hupotea bila onyo. Programu kama H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux huijaza kadi nzima na kuisoma tena, na kadi yoyote ipitishwe humo kabla ya kuaminiwa. Chanzo kizuri ni wapiga picha za harusi na wa magazeti waliotumia kamera kama Canon EOS 5D Mark II, ambao kadi zao zilinunuliwa kwa bei kubwa wakati huo na sasa hazina kazi.

Zaidi ya spidi na ukimya, kadi huleta wepesi ambao diski haikuwa nao. Laptopu moja inaweza kuwa na kadi ya DOS, nyingine ya Windows 98 na ya tatu ya Linux, na kuhama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ni kubadilisha kadi wakati kompyuta imezimwa. Nakala ya akiba hufanywa kwa kuchomeka kadi kwenye kompyuta mpya na kuinakili sekta kwa sekta kuwa faili moja. Nakala hiyo ni ya lazima, kwa sababu flashi iliyochakaa ikikaa kabatini miaka mingi bila umeme huweza kusahau kilichomo. Kazi hiyohiyo ifanywe kwanza kwa diski ya zamani kabla ya kutolewa, kama bado inazunguka, maana draiva za kioo na sauti zilizomo huenda hazipatikani popote pengine.

Si kila laptopu ya zamani inaikubali CompactFlash. PowerBook za mwanzo za Apple, kuanzia mwaka 1991, zilitumia diski zenye muunganisho wa SCSI, na IDE iliingia katika ukoo huo na PowerBook 150 ya mwaka 1994. Kwa zile za SCSI hutumika vibao kama SCSI2SD na BlueSCSI, vyenye chipu yake ya kuiga diski na kadi ya SD ndani. Kwa upande wa pili wa umri, laptopu ya IDE ya mwaka 2003 au 2004 inayoendesha Windows XP kila siku huhudumiwa vizuri zaidi na SSD ndogo ya mSATA kwenye adapta ya pini 44, kwa kuwa kontrola yake haielemewi na uandishi mdogomdogo. Pale ambapo adapta hiyo haingii kwa nafasi kuwa finyu, au BIOS haiielewi, CompactFlash ya viwandani ndiyo inayobaki.